Mzigo wa Atakaye Kuwa Tabibu



Katika sharika zetu wamo vijana wengi, wa kiume na wa kike, watamanio kuwa matabibu. Wengine waielekezea macho Muhimbili ya Dar es Salaam, ambako shule ya utabibu ilianza mwaka 1963. Wengine waitazama KCMC ya Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Mlango wake ni mwembamba. Sharti kijana afaulu vema Fizikia, Kemia na Biolojia katika mtihani wa Kidato cha Sita, na waombao ni wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo twawaona wakijitwisha vitabu usiku na mchana, nasi twawasifu kwa bidii yao. Lakini liko swali tutakalo kuwauliza, wao na wazazi wao: Je, ni haki mtu kuacha kila wajibu mwingine leo, kwa sababu atawaponya wengi kesho?

Neno la kwanza ni juu ya mwili wake mwenyewe. Wako wadhanio ya kuwa kukesha ni ushujaa. Sivyo. Mtaalamu Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha mwaka 1885 ya kuwa mambo tujifunzayo husahauliwa upesi, na ya kuwa kuyarudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali hufaa kuliko kuyarundika yote katika siku moja. Nao matabibu wa usingizi wa Marekani walitoa shauri mwaka 2016 ya kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Maana ni katika usingizi akili huyatunza yale yaliyosomwa. Basi akeshaye kila usiku ni kama mtu achotaye maji kwa pakacha. Tena, yeye atakayewaagiza wagonjwa kuutunza mwili, ataanza lini kuutunza wake?

Neno la pili ni zito zaidi. Kijana aweza kusema, “Niacheni nisiteke maji, wala nisimwangalie bibi aliye mgonjwa, maana nikiisha kuwa tabibu nitawalipa wote.” Hoja hii si ya upuuzi. Saa moja ya kitabu leo yaweza kuokoa uhai wa mtu baada ya miaka mingi, maana masomo ya chuo ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa kazi chini ya usimamizi. Lakini twaiona ina kasoro mbili. Ya kwanza, yaahidi kulipa deni kwa fedha isiyopatikana bado: wengi huomba wasichaguliwe, na bibi hawezi kungoja. Ya pili, kazi iliyoachwa haipotei. Huangukia kichwa cha mwingine. Wahenga walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mara nyingi huyo mwingine ni dada yake, naye ana vitabu vyake, pengine naye atamani utabibu. Watakalia mtihani ule ule, mmoja akiwa amesoma mchana kutwa, mwenziwe baada ya kuosha vyungu. Je, hapo tumepima akili zao, au tumepima mizigo yao?

Na tutazame mfano. Albert Schweitzer, mhubiri na mwalimu wa theolojia huko Strasbourg, alianza kusoma utabibu mwaka 1905, akiwa na miaka 30, huku akiendelea kuhubiri na kufundisha. Mwenyewe alieleza baadaye jinsi uchovu ulivyomsonga miaka ile. Wengi humsifu kwa yale aliyoyashika; sisi twapenda kutazama na yale aliyoyaweka chini. Mwaka 1906 aliuacha ukuu wa chuo cha theolojia alichokisimamia. Mwaka 1912 aliacha kufundisha na kuhubiri, na mwaka 1913 akasafiri kwenda Lambaréné, katika nchi ya Gabon. Wala hakubeba peke yake. Helene Bresslau, aliyekuja kuwa mkewe, alimsaidia katika maandiko yake, akajifunza uuguzi ili waende pamoja. Jina la mmoja lajulikana mahali pengi. Mzigo ulikuwa wa wawili.

Basi hukumu yetu ni hii. Kilicho chake mwenyewe, kijana aweza kukiweka chini: mchezo, matembezi, cheo katika chama cha wanafunzi, somo la ziada lisilomlazimu. Lakini kile adaiwacho na wengine asikinyang'anye, na akiombe. Aseme nyumbani, “Miezi hii miwili nipunguzieni kazi, mtihani ukiisha nitaishika zamu ya dada.” Naye aweza kulitimiza neno hilo, maana baada ya mtihani ipo miezi kadha kabla ya chuo kufunguliwa. Nao wazazi wagawanye kazi kwa haki kati ya wavulana na wasichana, ili kila asomaye awe na saa zake za mwanga na saa zake za kulala.

Siku moja mgonjwa atalala mbele ya kijana huyo, na maumivu yake yatakuwa mzigo wa mwenzake. Ikiwa hakujifunza nyumbani kwao ya kuwa mzigo wa namna hiyo una uzito, ni kitabu gani cha Kemia kitakachomfundisha?