Mbwa Mgonjwa na Yule Aoshaye Sakafu

Wako watu wachekao wasikiapo kwamba mbwa aweza kutibiwa saratani. Sisi hatucheki. Huko Ulaya na Marekani jambo hilo ni la kawaida, na mara nyingi daktari wa wanyama humkabidhi mwenye mbwa vidonge akamnyweshe mwenyewe nyumbani. Kama yafaa kumtumia mnyama fedha nyingi hivyo, Katekisimu ya mwaka 1992 imekwisha kutoa maonyo yake: mnyama asiteswe bure, wala asile fedha iliyopasa kumwondolea mtu taabu. Hayo leo twayaacha. Twauliza jambo jingine: huruma hiyo ikiwa na hatari, ni nani aibebaye?

Maana hatari ipo. Chukua dawa iitwayo siklofosfamidi. Asili yake ni ukoo mmoja na gesi ya haradali, iliyounguza askari huko Ypres mwaka 1917. Huua chembe za mwili zinazozaliana upesi, za saratani na nyinginezo, nayo yenyewe imehesabiwa miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Mbwa hupewa kipimo cha kiasi, kwa kuwa aghalabu shabaha si kumponya bali kumwongezea miezi ya raha.

Basi kidonge kisivunjwe wala kusagwa, vumbi lake lisije likavutwa puani. Akishikaye avae glavu, akifiche ndani ya kipande cha nyama, angoje mpaka kimemezwa, kisha anawe. Watoto wasikiguse, wala mama mjamzito, wala anyonyeshaye. Mbwa apewe asubuhi, anywe maji tele, atolewe nje mara kwa mara, kwani mkojo wenye dawa ukikawia kibofuni hukiunguza. Vidonge vitakavyobaki virudishwe kwa daktari.

Hayo yote mwenye mbwa ameelezwa, naye amekubali kwa hiari yake. Lakini dawa haikomi tumboni mwa mbwa. Kwa siku mbili tatu, pengine zaidi, hutoka katika mkojo, kinyesi na matapishi. Na katika nyumba nyingi za wenye uwezo, atakayeinama kuosha sakafu na kufua matandiko ya mbwa si mwenye mbwa. Ni msichana wa kazi, na huenda ni binti wa mmoja wetu aliyekwenda ng'ambo kutafuta riziki. Yeye ameambiwa neno moja tu: "Safisha pale." Pengine ana mimba changa ambayo hajamwambia mtu yeyote.

Watu watasema kwamba mkojo wa mara moja hauna madhara makubwa, na kwamba kumweleza msichana ni kumtia hofu bure. La kwanza pengine ni kweli. Lakini udogo wa hatari haumpi mtu ruhusa ya kuikubali kwa niaba ya mwenziwe, tena mwenziwe aliye chini ya amri yake. Ama hofu, aijuaye hatari huvaa glavu, hufua matandiko hayo mbali na nguo za watu, au husema hataki.

Akisema hataki, bwana wa nyumba na ashike ndoo mwenyewe, wala mshahara wa msichana usipunguzwe hata senti moja.