Kiu Ukingoni mwa Mto



Karibu na mji mdogo wa Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, iko njia ya gari inayofuata mto Colorado. Mkono mmoja ni mto wenye maji ya rangi ya udongo. Mkono wa pili ni ukuta wa mawe mekundu upandao hata shingo huuma kuutazama, na juu yake zimo picha za wanyama na watu zilizochongwa na wenyeji wa kale. Kisha lami huisha, na mawe na vumbi huanza. Nilipita njia hiyo nikichukuliwa na mzee mmoja, ndugu yetu katika dini, ambaye alikuwa amepakia madebe mawili ya maji. Nilimwambia kwa mzaha, "Mzee, maji yote haya ya nini, nasi twafuata mto?" Akatabasamu tu.

Baada ya lami tulipita mabwawa ya buluu katikati ya jangwa. Hapo palikuwa na bahari miaka milioni 300 hivi iliyopita; ilikauka, ikaacha chumvi chini kabisa ya ardhi. Watu walishuka kuchimba potasi, ambayo hutengenezewa mbolea, na tarehe 27 Agosti 1963 mlipuko ndani ya mgodi ukawaua 18. Siku hizi hawashuki tena: maji ya mto hupelekwa chini kwa pampu, huyeyusha chumvi, hurudishwa juu, na jua huyakausha mabwawani. Palipokuwa bahari pamekuwa jangwa, na ajabu hii ya Muumba wetu wengi huipita wakitafuta mahali pa kupigia picha.

Lakini si hilo nililotaka kuwaelezeni.

Mbele kidogo njia hufika ukingoni mwa jabali. Chini yake mto hujipinda kama shingo ya bata bukini, nao waonekana wazi, wala hapana pa kuushukia. Juu yetu ilisimama ncha ya jabali iitwayo Dead Horse Point, yaani Ncha ya Farasi Aliyekufa. Kimo chake juu ya mto ni kama mita 600, nayo imeungana na nchi kwa ukanda mwembamba wa ardhi wenye upana wa mita 27 hivi. Husimuliwa kwamba wachungaji wa zamani waliwaswaga farasi wa mwitu mpaka huko, wakauziba ukanda ule kwa ua wa matawi, wakachagua waliowapenda, na waliobaki wakaachwa ndani. Wakafa kwa kiu, huku wakiutazama mto.

Ndugu zangu, je, mto ulifichwa? La! Waliuona asubuhi na jioni. Basi kuona maji si kunywa. Namjua mtu aliyekuja kwangu miaka mingi kuuliza habari za dini. Alisoma kila kitabu nilichompa, na barazani aliitetea haki kuliko mimi. Nikimwuliza, "Bwana, mbona hujaanza kusali?" hunijibu kwamba shemeji zake watasemaje, au, akimaliza kujenga nyumba, au, mwakani, Inshallah. Farasi wale walifungiwa na wengine, nao wana udhuru. Huyu ua wake ameujenga mwenyewe, tena kwa vijiti!

Wala simcheki. Mwalimu wa dini ni mtu akaaye kandokando ya mto mchana kutwa. Nimepata kuhubiri jioni juu ya sala ya usiku, watu wakalia, nami nikalala mpaka alfajiri. Ni nani kati yetu wawili aliye na kiu karibu zaidi na maji?

Chupa yangu ilikuwa imekwisha zamani. Nilisimama pale ukingoni, ulimi umenikauka, na mto unang'aa chini yangu. Mzee akasema, "Sasa, Mwalimu, uliniuliza maji ya nini." Akafungua debe. Tukanywa, tukatawadha kwa kikombe kimoja kimoja, tukasali Adhuhuri. Mbele yetu ilingoja njia ya Shafer, iliyopanuliwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya malori ya madini ya urani, ipandayo ukuta wa jabali kiasi cha mita 450 kwa kona kali zisizo na kizuizi. Mzee akatia gia ya kwanza.