Kumficha Mgonjwa Maradhi Yake: Ni Huruma au Ni Dhuluma?

Watu wa miji yetu ya pwani wana desturi moja isiyoandikwa katika kitabu chochote, na juu ya hivyo yafuatwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Mzee wa nyumba akishikwa na maradhi mazito, wa kwanza kuambiwa ni mwanawe mkubwa, kisha shemeji, kisha jirani. Na wa mwisho kujua, kama atajua, ni mzee mwenyewe. Yeye huambiwa kuwa ana vidonda vya tumbo, au damu yake imepungua. Neno saratani halitajwi mbele yake. Hata nyuma yake husemwa "maradhi yale". Swali limeletwa katika darasa yetu: je, hii ni huruma au ni dhuluma? Lastahili kujibiwa kwa utulivu, kwani wafanyao hivi si watu wabaya. Ni watoto wawapendao wazee wao.

Jambo hili huonekana wazi zaidi Nairobi kuliko kwetu. Kwa miaka mingi hospitali ya serikali yenye tiba ya mionzi katika Kenya nzima ilikuwa moja tu, nayo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyo upande wa magharibi wa katikati ya mji, karibu na barabara ya Ngong. Ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikapata jina ililo nalo leo. Mtu wa Lamu, Malindi au Mombasa aliyehitaji mionzi, naye hana fedha za kulipia hospitali za binafsi, hakuwa na njia ila kupanda basi la usiku. Siku hizi tiba hiyo yapatikana na kwingineko, lakini safari za Nairobi hazijakwisha.

Sasa mfikirieni mgonjwa aliyefichwa. Amesafirishwa zaidi ya kilomita 400 kwa ajili ya "vidonda". Analazwa kwa jamaa huko Kangemi au Kawangware, na asubuhi anapelekwa kungojea zamu yake. Kushoto kwake ameketi mwanamke aliyejifunga kitambaa kwa kupukutika nywele; kulia kwake kijana aliyekonda hata mifupa yahesabika. Mzee huyu ana akili timamu, na biashara yake ameiendesha miaka hamsini. Je, mwadhani hajui? Ajua, lakini ajua peke yake. Mwana aficha ili baba asihuzunike. Na baba aficha kuwa ajua, ili mwana asihuzunike. Wawili wapendanao wameketi juu ya ubao mmoja, na kila mmoja alia ndani ya nafsi yake. Katikati yao yuko muuguzi. Mchana jamaa humvuta kando wakamwambia, "Tafadhali usimwambie." Usiku mgonjwa humwita kwa sauti ndogo akasema, "Sista, niambie kweli." Huyu naye tumemtwika mzigo usio wake: ama aseme uwongo, ama avunje ahadi.

Wenye kuficha wana hoja, nasi hatutaidharau. Wasema kuwa khabari mbaya huvunja moyo, na moyo ukivunjika mwili haushiki dawa. Hoja hii ni kongwe, tena ina wakubwa. Abu Bakr Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyekufa yapata mwaka 925, amenukuliwa akimwusia tabibu ampe mgonjwa matumaini ya kupona hata kama yeye mwenyewe hana yakini, kwani mwili hufuata hali ya nafsi. Mtu kama huyu, aliyetibu maelfu, hawezi kupuuzwa. Na ni nani kati yetu asiyewahi kuona mgonjwa aliyenyanyuka kwa neno moja zuri?

Lakini tuchunguze. Katika maradhi yamo mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni maradhi yenyewe: ni ya namna gani, yamefika wapi, na dawa yake ni ipi. Hili daktari alijua, kwa kiasi cha elimu aliyopewa. La pili ni siku ya kufa. Hili halijui daktari wala mwana, wala shemeji. Elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Ukweli wahusu jambo la kwanza, na matumaini yahusu la pili. Kwa hivyo havigombani hata kidogo. Mtu aweza kuambiwa, "Una saratani, na haya ndiyo tutakayoyafanya," na papo hapo akatumaini kwa haki kabisa, kwani mlango wa matumaini haukufungwa na aliye na funguo zake. Ama Razi, alimwusia tabibu atie nguvu moyo wa mgonjwa. Hakuwausia watoto wamnyime baba yao nafasi ya kuagana.

Twazidi kusema: tukitazama vizuri tutaona kwamba aliyekata tamaa ni yule afichaye. Yeye amekwisha kumhukumu mgonjwa kuwa ni maiti, na sasa amzungumza kwa kunong'ona, kama watu wanong'onavyo penye jeneza. Lau angekuwa na tumaini la kweli, angeketi na mgonjwa washauriane kama washaurianavyo wasafiri wenye safari moja.

Tunao mfano ulio bora. Katika mwaka wa Hija ya kuaga, Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua Makka ugonjwa mkali, na Mtume wetu (S.A.W.) akaenda kumzuru. Saad hakuwa amedanganywa. Alijiona yu karibu na mauti, akauliza juu ya mali yake, atoe sadaka kiasi gani naye hana mrithi ila binti mmoja. Mtume hakumkemea kwa kutaja mauti, wala hakumwambia, "Usiseme hayo, huna kitu." Alimjibu swali lake sawasawa, akampunguzia mpaka theluthi, na akamwambia kuwa hata theluthi ni nyingi. Kisha, katika kikao hicho hicho, akampa matumaini kwamba huenda akabakishwa, watu wakanufaika kwaye. Saad akapona, akaliongoza jeshi la Waislamu huko Qadisiyya, na akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya siku ile. Tazameni: wasia na matumaini vilitajwa mahali pamoja, na kimoja hakikukiua kingine.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo letu. Mgonjwa ana madeni ayajuayo yeye tu. Ana amana za watu. Ana ndugu aliyegombana naye kwa ajili ya shamba, hawajasemezana miaka kumi. Ana wasia, ana toba, ana neno la kumwambia mkewe. Tukimficha mpaka ulimi wake ukawa mzito, haya yote yamempita, naye ndiye atakayeulizwa. Je, huruma gani hii imwokoayo mtu na huzuni ya mwezi mmoja, ikamwacha na deni la Akhera? Baada ya matanga ndipo watokeapo wadai, na warithi huanza kushikana mashati kwa kitu ambacho marehemu angekikata kwa maneno matatu. Hata sheria ya nchi imeliona hili: Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mtoa tiba amwarifu mgonjwa hali yake, ila ikiwa pana dalili za nguvu kwamba kumwarifu kutamdhuru. Kuarifu ndiyo kanuni, na kuficha ndiyo pambizo. Sisi tumegeuza pambizo ikawa kanuni.

Wala hatusemi khabari itupwe kama jiwe. Daktari asemaye kwa haraka, amesimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, naye amedhulumu. Na mgonjwa asemaye mwenyewe kuwa hataki kujua, aachwe, ila aulizwe madeni yake. Ukweli wataka mahali, wakati na mtu wa kukaa baadaye. Elimu hii ipo. Huko London mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua nyumba ya kuwatunza wenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, maumivu yao yakatulizwa na maswali yao yakajibiwa. Mwaka 1990 Nairobi Hospice ilianza kazi kama hiyo katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo mwanzoni, alikwenda Uganda akaanzisha huduma hiyo mwaka 1993, wagonjwa wakapewa morfini ya maji, dawa rahisi ya kunywa.

Wako waulizao kama Mwislamu aruhusiwa kuinywa, nayo yatokana na afyuni. Twajibu: kilichokatazwa ni kuilevya akili kwa anasa. Dawa itolewayo na tabibu mwaminifu kwa kipimo, kwa maumivu yasiyotulizwa na dawa nyepesi, imo katika mlango wa dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu huweza kusali, kula na wanawe, na kutaja madeni yake.

Basi tusidhani kuwa kupona ni kwa namna moja. Yuko aponaye mwili akarudi kwake, nao si wachache. Yuko asiyepona mwili, lakini maumivu yakamtoka. Na yuko ambaye moyo wake ndio uliopona, kwa kusameheana na nduguye kabla ya siku yake. Katika haya yote wauguzi ni washirika wetu, na wao pia ni wanadamu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia Nairobi na hospitali ya Mbagathi ikawekwa iwe mahali pa kuwatenga wagonjwa, jamaa walizuiliwa mlangoni na muuguzi akawa ndiye jamaa. Madaktari na wauguzi kadha wa kadha walikufa katika kazi hiyo. Watu wa namna hii wastahili tuwaambie, "Mwambieni mzee wetu kweli, nasi tutakuwa kando yake." Hawastahili tuwafundishe uwongo.

Shauri letu kwa kila nyumba ni hili: mwulize mzazi wako leo, naye ni mzima, kama siku moja akiugua angependa kuambiwa. Atakujibu. Na jibu lake lifuateni, wala msilibadilishe siku ya shida kwa sababu ya khofu yenu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wenye kuwauguza, na atujaalie kusema kweli kwa upole. Amin.