Je, Kuandika Wosia ni Kukosa Imani?



Miaka michache iliyopita tulimzika kijana mmoja wa usharika wetu, baba wa watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miwili. Homa ilimchukua kwa siku sita. Jioni ya maziko ndugu zake waliketi wakaulizana: Shamba ni la nani? Watoto watakaa wapi? Mkewe alikuwa ameketi mlangoni, wala hakuulizwa neno. Nami nilijuta moyoni, maana ndimi niliyewabariki siku ya arusi yao. Niliwafundisha mengi juu ya ndoa, ila juu ya siku kama hii sikuwaambia lolote.

Tangu hapo nimewauliza wazazi vijana wengi kama wameandika wosia. Wengine hunijibu, "Mchungaji, huo ni uchuro, aandikaye wosia ayaita mauti." Jibu hilo halihitaji maneno mengi. Kalamu haiui mtu. Wengi wameandika wakaishi hata kuwaona wajukuu, na wengi hawakuandika, wakafa. Lakini wengine husema, "Bwana ndiye mlinzi wa yatima, nikiandika nitakuwa sikumtumaini." Neno hili lataka kufikiriwa vema, maana lina sura ya imani.

Tumwangalie Daktari Martin Luther. Mwezi wa Julai mwaka 1527 aliugua sana akadhani anakufa. Alikuwa na miaka 43; mwanawe Hans alikuwa ametimiza mwaka mmoja tu, na mkewe Katharina alikuwa mja mzito. Hakuwa na kitu cha kuwaachia ila vikombe vichache vya fedha, akawaweka mikononi mwa Mungu. Mungu akamponya. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1542, alitwaa kalamu akaandika wosia kwa mkono wake. Je, imani yake ilikuwa imepungua? Sivyo. Aliijua sheria ya Saksonia, jinsi isivyomhesabu mjane kuwa mrithi. Basi akaandika kwamba Katharina apewe shamba la Zülsdorf, na nyumba, na vikombe na vito; kwa kuwa hakutaka mama aitazame mikono ya watoto wake, bali watoto waitazame mikono ya mama yao. Alipokufa mwaka 1546 wako wakuu walioupinga wosia ule, lakini mtawala wa Saksonia, Johann Friedrich, aliuthibitisha.

Jambo hili si la Wadachi wa zamani tu. Hapa kwetu Tanzania, kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Yaani, aitazame mikono ya watoto. Nami nauliza: mtoto wa miaka minne na mdogo wake wa miaka miwili watamtunza mama yao kwa mikono gani?

Kumweka mtoto mikononi mwa Mungu si kumwacha mikononi mwa yeyote atakayetokea. Bwana wetu msalabani alimtumaini Baba yake kabisa. Hata hivyo hakunyamaza juu ya mama yake, bali alimkabidhi kwa mwanafunzi mmoja, naye akamchukua nyumbani kwake. Upendo hutaja mtu.

Wako watakaosema, "Wosia wawatukana ndugu, kana kwamba ni wanyang'anyi." La, ndugu mwema husaidiwa nao. Pasipo wosia, hata atendaye haki hushukiwa. Penye wosia, aweza kusema, "Ndivyo alivyotaka marehemu," na fitina ikakoma.

Basi, enyi wazazi vijana, ketini pamoja, mume na mke. Andikeni mali na madeni pia. Tajeni atakayewalea watoto, lakini kwanza mwulizeni, asije akapata habari kaburini. Kwa kanuni zile za mila, wosia ulioandikwa na ajuaye kusoma wataka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Wosia wa mdomo wataka wanne. Tena RITA, wakala wa serikali, hupokea wosia na kuutunza.

Mimi nami nimeandika wangu, mke wangu akiwa ameketi karibu. Nilipofika kwenye jina la mtoto wetu mdogo mkono wangu ulisita, nikaiweka kalamu chini. Mke wangu akasema, "Andika, baba, huyo ndiye hasa asiyeweza kujisemea." Nikaandika. Usiku ule tuliwaombea watoto kama siku zote, tukalala kwa amani.