Daktari wa Mifugo na Watu Wasiokuwepo Zizini

Mwaka 2012 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris, lilitoa waraka wa mambo ambayo kila daktari wa mifugo anapaswa kuyamudu tangu siku ya kwanza baada ya kuhitimu. Ukiusoma ukitarajia kukuta jinsi ya kumpasua ng'ombe aliyeshindwa kuzaa au kuhasi fahali, utashangaa. Humo mna magonjwa yanayovuka mipaka, magonjwa ambayo binadamu huyapata kwa wanyama, usalama wa chakula, dawa, ustawi wa wanyama, sheria na maadili, utoaji wa vyeti, na hata namna ya kuzungumza na watu. Upasuaji na sindano waliviachia vyuo.

Ukijua shirika lenyewe lilikotoka, mshangao unapungua. Mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, na ugonjwa wa sotoka ukazuka Ubelgiji. Miaka minne baadaye, 1924, nchi kadhaa zikakubaliana kuanzisha chombo cha kupeana habari za magonjwa ya mifugo. Huku kwetu sotoka haikuhitaji kutambulishwa: katika miaka ya 1890 ilikuwa imefagia mifugo ya Afrika Mashariki, na Wamasai waliachwa na mazizi matupu. Ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Kazi hiyo yote ilitegemea watu waliokubali kutoa taarifa mbaya mapema, kwa faida ya wafugaji ambao wasingewaona kamwe.

Nadhani hapo ndipo penye uzito wa taaluma hii. Anayempigia daktari simu ni mwenye ng'ombe, na anayelipa ni yeye. Lakini deni la daktari linakwenda mbali zaidi: kwa atakayenunua maziwa kesho asubuhi, kwa jirani ambaye ng'ombe wake wananywa mto huohuo, kwa mtoto anayecheza na mbwa asiyechanjwa. Na kwa ng'ombe mwenyewe, ambaye yupo lakini hana kauli. Daktari wa binadamu huyajua mashindano haya ya haki mara mojamoja. Wa mifugo huamka nayo kila siku.

Mchukue kijana aliyemaliza miaka yake mitano Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akasajiliwa na Baraza la Veterinari, akapelekwa kwenye wilaya ya wafugaji. Anaitwa bomani. Dume limekufa usiku ghafla, jana lilikuwa linakula vizuri. Tumbo limeshavimba, mwili haujakakamaa inavyopaswa, na puani panachuruzika damu nyeusi isiyoganda. Wanaume wamesimama, mmoja ameshanoa kisu. Darasani swali hili lina alama mbili na kila mtu huzipata: hiyo ni dalili ya kimeta, mzoga usipasuliwe. Vimelea vilivyomo ndani ya mzoga uliofungwa hufa vyenyewe nyama inapooza. Kisu kikipita, hewa ikiingia, vinajigeuza mbegu ngumu ambazo hukaa ardhini miongo kadhaa zikingoja ng'ombe mwingine aje alishe hapo.

Kulijibu swali hilo bomani ni kazi nyingine. Mzee anamwambia kwa upole, "Daktari, wewe ni mwanangu. Nyama hii babu zetu wameila. Tukiichemsha sana haina neno." Kijana akikimbilia kutaja sheria, amekwisha, watamwitikia, watamsindikiza hadi kwenye pikipiki, na moshi utaanza kufuka kabla hajafika barabarani. Akinyamaza kwa sababu ya shikamoo aliyoitoa punde, amewaachia watu hatari mikononi, tena mikononi kwelikweli, maana kimeta huwapata wengi kupitia ngozi wakati wa kuchuna: kipele, kisha kidonda cheusi kisichouma, ambacho watu hukipuuza kwa sababu hakiumi.

Mwenye busara huanza na swali: "Mzee wangu, kuna yeyote aliyekwisha kuugusa?" Swali hilo linafanya kazi mbili. Linampa jina la mtu wa kupelekwa zahanati, na linawaonyesha wazee kwamba hofu yake ni juu ya vijana wao, si juu ya nyama. Baada ya hapo anaweza kuzungumza habari za shimo refu na kuchanja ng'ombe waliobaki. Hata hivyo hana uhakika wa kukubaliwa. Dume ni mali, na hakuna anayekuja na fidia mfukoni. Nawaonea huruma walimu wanaotakiwa kuupima uwezo huu kwa mtihani wa karatasi.

Mambo mengine hayana mzoga wala damu, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kuyakwepa. Ng'ombe wa maziwa ana ugonjwa wa kiwele. Dawa ipo, na kwenye kibandiko chake pameandikwa siku ambazo maziwa hayapaswi kunywewa wala kuuzwa. Familia ina ng'ombe huyo mmoja, na maziwa ndiyo ada ya shule. Daktari anaweza kuchoma sindano, akataja siku hizo haraka huku akifunga mkoba, na dhamiri yake ikatulia kwamba amesema. Nani asiyejua jinsi ya kusema jambo ili lisisikike? Anayejua kazi yake husema kabla ya kufungua chupa, na humwambia anayeshika ndoo. Mara nyingi baba ndiye aliyepiga simu na mama ndiye anayekamua na kupeleka maziwa kituoni. Ukimwambia baba peke yake, hujamwambia mtu.

Kuna pia shinikizo la sindano yenyewe. Ugonjwa wa miguu na midomo husababishwa na virusi, na antibiotiki haiviui. Wakati mwingine hutolewa kwa sababu vidonda vimeingiliwa na bakteria, na hiyo ni sababu halali. Lakini mara nyingi hutolewa kwa sababu mfugaji anaitazamia, na daktari anaogopa kuonekana ametoka mjini bure. Kesho yake mfugaji atakwenda dukani kununua chupa ya dawa ileile ajichomee mwenyewe, kwa kipimo cha kukisia. Tukilalamika kwamba vimelea vinazizoea dawa, tukumbuke nani alifundisha kwamba kila homa inadai sindano.

Neno "sijui" nalo lina mahali pake hapa, ingawa mhitimu huliogopa kama aibu. Ndama ana joto la nyuzi 41, tezi chini ya sikio zimevimba, anahema kwa shida. Inaelekea ni ndigana kali, inayoenezwa na kupe, na dawa yake ni ghali na hufaa zaidi ikiwahi. Kijana akiwa na shaka, yupo mtu wa kumuuliza: mtaalamu wa mifugo wa kata, mwenye stashahada ya chuo cha mifugo, ambaye ameona ndama wengi kuliko profesa yeyote. Sheria ya veterinari ya mwaka 2003 inawatofautisha kimadaraka, na ni sawa. Ila nimeona wasomi wakigeuza tofauti ya madaraka kuwa tofauti ya utu, wakamtuma mtu mzima akawabebee boksi la chanjo bila hata kumwuliza jina. Msomi wa namna hiyo hatapigiwa simu usiku ugonjwa mpya utakapoingia kijijini, na habari itamfikia siku ya tatu.

Limebaki suala la pesa, ambalo walimu wengi hulipita kimyakimya. Daktari binafsi anayeuza dawa anazoandika ana maslahi katika kila chupa. Sioni kwamba hilo pekee linamfanya mwizi. Duka la dawa za mifugo ndilo linalomlipia pango. Ila siku akimpima ng'ombe kwa nusu saa, akasema hahitaji dawa yoyote, ahamishiwe kivulini na apewe maji, mfugaji humwambia, "Basi ahsante, daktari, karibu tena," naye huondoka mikono mitupu. Mimi ningemshauri atoze. Atoze kidogo, aandike kwenye risiti "uchunguzi na ushauri", na avumilie uso wa mshangao. Asipotoza, mwezi ujao ataitwa kwa ng'ombe mwingine asiyehitaji dawa, kodi ya duka ikiwa imefika, na chupa iko mkobani.