Adabu ya Jawabu

Katika miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Marangu hadi Machame, kihamba cha mtu na cha jirani yake hutenganishwa, kwa desturi ya tangu na tangu, si kwa ukuta wala kwa waya, bali kwa safu ya masale. Ni mmea wa majani marefu, mabichi mwaka mzima, usiotaka matunzo makubwa. Na aliyelelewa huko hufunzwa mapema kwamba kuung'oa mpakani si kung'oa jani, ni kumdhulumu mtu. Mmea huohuo una kazi ya pili. Aliyemkosea mwenziwe humpelekea jani la sale kuomba radhi, na aliyepelekewa huona aibu kulikataa. Hivyo jani linalosema "hapa pako, hapa pangu" ndilo hilohilo linalosema "nisamehe". Wala hapana mgongano. Watu wasiojua mpaka wao umepita wapi hawawezi hata kujua ni nani aliyemkosea nani.

Maneno nayo yana mipaka. Mtu anapoandikiwa, kisha akataka kujibu, hana budi kuamua mambo matatu: maneno ya mwenziwe ayataje au ayaache, akiyataja, ayataje yote au sehemu, na jawabu lake aliweke juu ya maneno hayo au chini yake. Katika barua ya karatasi mambo hayo yaliachiwa kalamu na malezi. Katika barua pepe huamuliwa, aghalabu, na programu aliyoichagua mtu au aliyoikuta tu katika kompyuta. Ndiyo maana suala hili limezoea kuitwa la kiufundi. Ila ndani yake limejificha swali la kimaadili: anayejibu anadaiwa nini na yule aliyesema kwanza?

Desturi ya kunukuu kabla ya kujibu ilikua pamoja na mitandao ya awali ya kompyuta. Mnamo 1979 wanafunzi wawili wa Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mtandao wa Usenet, ambamo ujumbe ulirithishwa kutoka mashine moja hadi nyingine kwa njia ya simu. Safari zilikuwa ndefu na zisizo na mpango mmoja, hata jawabu liliweza kumfikia msomaji kabla ya swali lake. Kwa hiyo ikawa adabu kunakili maneno machache ya mtangulizi, kuyatia alama mwanzoni mwa kila mstari ili yajulikane kuwa si ya mjibuji, na kujibu chini yake. Mwaka 1995 Sally Hambridge aliukusanya mwongozo wa adabu za mtandao, na humo akashauri kwamba anayejibu ataje kiasi tu cha maneno ya kwanza kinachotosha kumwelewesha msomaji. Mwongozo huohuo ulitaka sahihi ya mwisho wa barua isizidi mistari minne, kadiri ya ubeti mmoja wa tarbia.

Baadaye zikaenea ofisini programu kama Outlook, ambazo humfungulia mwandishi nafasi juu kabisa na kuuburuza waraka wote wa zamani chini yake kama mkia. Mamilioni ya watu wakaanza kujibu juu, si kwa kuwa walifikiri wakaona ni vyema, bali kwa kuwa kidole cha programu kilikuwa kimeshaelekeza huko. Chombo kikamfunza mwenye chombo.

Je, ni jambo dogo? Mlima wenyewe unao ushahidi.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumikia shirika la Kiingereza huko Rabai, karibu na Mombasa, alikuwa safarini kuelekea Uchaggani. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia. Asubuhi ile Rebmann aliona kileleni mwa mlima mmoja weupe uliong'aa, akaudhania kwanza kuwa wingu. Kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akakata shauri kwamba ni theluji, theluji karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Akayaandika yote mawili, alichokiona yeye na alichokisema kiongozi, na mwaka 1849 habari hiyo ikachapwa London katika jarida la shirika lake.

Jawabu halikuchelewa. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakupata kukanyaga bara hili, aliandika mwaka huohuo kuikana theluji hiyo. Hoja yake, kwa muhtasari, ni kwamba habari yote imesimama juu ya ushahidi wa Rebmann peke yake, na kwamba hata Rebmann hakuithibitisha kwa macho bali kwa kukisia na kuwaza. Mwaka 1852, katika kitabu chake juu ya Afrika ya ndani, alikuwa bado anakana. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma sana, na sehemu ya elimu yake aliichota kwa mtu wa mwambao huu, Khamis bin Uthman, aliyefika London katika miaka ya 1830. Kukosea kwake si ajabu, na kukana alikuwa na haki ya kukana. La kutazamwa ni namna alivyojibu.

Aliposema kwamba ushahidi wote ni wa mtu mmoja, alikuwa amemkata wa pili. Bwana Kheri alikuwapo. Hakuwa na haja ya jina la kitabuni la kitu kile. Alilitaja tendo lake, kwamba kinatoa baridi. Na neno hilo si tupu. Kiarabu, lilikotoka, kina neno la ukoo uleule, *barad*, ambalo ni mvua ya mawe. Mtu wa pwani alikuwa ametoa ushahidi kwa lugha yake, nao ukachapwa. Jibu la Cooley likapita juu yake kana kwamba haukusemwa. Kisha, badala ya kulijibu neno, likamjibu mtu: macho yake na mawazo yake. Barua kutoka Rabai hadi London ilikuwa ya miezi. Aliyejibiwa vibaya hakuwa na njia ya kusema kesho yake asubuhi, "Hivyo sivyo nilivyoandika."

Rebmann naye hakumpa kiongozi wake heshima iliyo kamili. Aliliona neno lake kuwa pungufu, kwamba mtu yule anaita baridi tu kitu ambacho ni theluji. Lakini hakulifuta. Hapo ndipo lilipo somo lote la kunukuu: mwaminifu hubakiza hata asilolipima sawasawa, kwa sababu huenda msomaji wa baadaye akalipima vyema kuliko yeye. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten waliupanda mlima hadi karibu mita 4,300, na ushahidi wao ukaithibitisha theluji. Mwaka 1871 Charles New alianzia safari yake Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara, akaifikia na kuigusa theluji yenyewe. Neno la Bwana Kheri lilikuwa limetangulia miaka 23.

Watungaji wa pwani hawakuhitaji kompyuta kuijua adabu hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa na mahasimu wake wa Lamu na Unguja waligombana kwa tungo wakati ambapo mataifa yao yaligombana kwa silaha. Na katika majibizano ya kishairi, yakiwa ya barazani au ya magazetini tangu siku za Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, kanuni inayojulikana ni kwamba anayejibu huingia katika bahari ileile ya aliyemtangulia. Huvipokea vina vyake, na mara nyingine kibwagizo chake pia, kisha ndipo anapokigeuza maana. Ni kazi ngumu. Huwezi kumjibu mtu katika vina vyake bila kwanza kumsikiliza hadi silabi ya mwisho. Matusi yenyewe hupitia mlango wa heshima. Kwa hiyo mtunzi aliyejibu nje ya bahari alihesabiwa kuwa amekwepa, hata kama hoja yake ilikuwa na nguvu.

Walio upande wa pili nao wana hoja, nayo si nyepesi. Katika masijala za ofisi za Tanzania barua mpya hulazwa juu ya kuukuu ndani ya jalada, na mkuu wa ofisi akilifungua hukutana kwanza na jambo la leo. Barua yenyewe haina haja ya kunakili iliyotangulia: hubeba kumbukumbu namba na tarehe yake, na neno "Yah." likatangaza mada. Anayejibu juu na kuuacha mkia wote chini, husema watetezi hao, ni mwaminifu zaidi kuliko anayekata, kwa sababu hakuficha kitu. Mkataji anaweza kudanganya, mkia haudanganyi.

Hoja hiyo ingetosha lau kuhifadhi kungekuwa sawa na kusikiliza. Maandishi ya Rebmann yalihifadhiwa kamili, yamechapwa, na kila mtu wa London aliyetaka angeweza kuyasoma. Hayo hayakumkinga Bwana Kheri. Maneno yaliyoburuzwa chini ya jawabu, yasiyosomwa hata na aliyeyaburuza, ni kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni kisha asiulizwe hali hadi akaondoka. Nyumba haikumfukuza, lakini haikumpokea. Zaidi ya hayo, jalada lina mtunza masijala anayejua kila karatasi iko wapi. Barua pepe ya mtu wa kawaida haina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vibanda vya intaneti vya Moshi kama vya miji mingine, ambako muda ulilipiwa na laini zilikuwa za kujikongoja, mkia wa kurasa kumi ulikuwa pia fedha ya mtu iliyopotea bila neno hata moja la maana kusomwa.

Kukata, basi, ni lazima. Kinachobaki ni kukata kwa haki. Na kipimo cha haki si kigumu kukisema, ingawa ni kigumu kukitimiza. Aliyenukuliwa akiyaona maneno yake kama yalivyobakizwa, aweze kusema, "Naam, ndivyo nilivyosema," kabla hajalisoma jawabu. Akisema hivyo, mjibuji yu huru kumpinga kwa ukali apendao. Asiposema hivyo, jawabu lote, hata likiwa na ukweli, limejengwa ndani ya kihamba cha mwenziwe.

Kwa kipimo hicho programu nazo huchagulika. Uzuri wa sura yake si hoja. Ya kuulizwa ni haya: je, huyatenga maneno ya mwingine kwa alama inayoonekana? Je, humwachia mwandishi kuchagua pa kuanzia, kama ifanyavyo Thunderbird, iliyokamilishwa toleo lake la kwanza mwaka 2004? Je, huonyesha uzi wa mazungumzo ili msomaji aufuate hadi chanzo? Gmail, iliyoanza mwaka huohuo, huuonyesha uzi vizuri, lakini nukuu huificha nyuma ya vidoto vitatu. Hivyo humpunguzia msomaji usumbufu na humpunguzia mwandishi aibu ya kutokata. Kila chombo kina maoni yake juu ya adabu, na anayekichagua bila kuyauliza amekubali maoni hayo.

Ajabu ni kwamba desturi ya kale imerudi kwa mlango wa nyuma. Familia za Moshi zilizotawanyika Dar es Salaam, Nairobi na ng'ambo, ambazo hungoja Desemba ili zikutane mgombani, leo hujibizana kwa WhatsApp. Humo, anayetaka kumjibu mmoja kati ya wengi huugusa ujumbe wake. Nao hukaa juu, umetengwa kwa mstari, na jawabu likafuata chini. Bibi asiyepata kusikia habari za Usenet huifanya kila siku, naye huielewa faida yake: pasipo hivyo, "ndiyo" iliyokusudiwa mahari huweza kusomwa kuwa ni ya msiba. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kidole cha siku hizi kimekuwa ndio ulimi.

Tangu mwaka 1912 barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watoto wanaozaliwa sasa Kibosho na Old Moshi huenda wakauona mlima usio na weupe wowote, na wajukuu wao wakasimuliwa juu ya theluji ya Ikweta kama hadithi. Siku hiyo ubishi wa mwaka 1849 utaweza kuzuka upya, na safari hii hakutakuwa na kilele cha kuupanda ili kuumaliza. Yatakuwapo maneno tu ya walioona. Hukumu itategemea kama waliojibu kati ya leo na wakati huo waliyabakiza maneno hayo kama yalivyosemwa, pamoja na lile moja, fupi, la msafiri wa pwani aliyeutazama mlima akasema: baridi.