Saa Tisa ya Usiku



Katika darasa yetu kijana mmoja alitutajia nyimbo zilizopewa majina ya saa za usiku wa manane, akatuuliza kwa nini waimbaji wazipenda mno saa hizo. Twaona swali lake lina faida kuliko lile tulilozoea kuulizwa, la kuwa nyimbo ni halali au haramu; hilo maulamaa wamelijadili tangu zamani, na alitakaye ajua pa kulitafuta.

Mwaka 1955 Frank Sinatra wa Marekani alitoa santuri ya nyimbo 16, akaiita In the Wee Small Hours, yaani saa zile za baada ya nusu ya usiku. Picha ya juu yake yamwonyesha yu peke yake usiku njiani, sigara mkononi; na wakati huo alikuwa ametengana na mkewe. Mwaka 1964 Simon na Garfunkel waliita santuri yao ya kwanza Wednesday Morning, 3 A.M., nayo ndiyo saa tisa ya usiku kwa hisabu yetu. Tarehe 21 Oktoba 2022 Taylor Swift alitoa Midnights, akaieleza kuwa ni khabari za usiku 13 alizokosa usingizi. Na ilipofika saa tisa ya usiku ule ule, akaongeza nyimbo saba.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya Wazungu tu. Umm Kulthum wa Misri, binti wa imamu, aliyefunzwa Qur'ani tangu utotoni, aliimba mwaka 1950 Sahran li-Wahdi, maana yake ni kukesha peke yangu. Na wazee wetu wa mwambao hawahitaji kuelezwa sauti ile ni ya nani.

Jee, jambo gani limewakutanisha hawa wote? Mchana kuna soko, kuna wateja, kuna makelele ya njiani, na moyo hudanganyika. Saa hiyo haudanganyiki. Nyumba imetulia, na moyo wataka kusema na aliye mbali. Basi waimbaji hawa, hatta ikiwa hawakukusudia, wameshuhudia jambo la kweli. Lakini wamwita mtu aliyekwenda zake, na huenda naye amelala fofofo.

Na sisi twafunzwa, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira (R.A.), ya kuwa Mola wetu hushuka kila usiku katika theluthi yake ya mwisho, ushuko unaolingana na utukufu Wake, akauliza ni nani amwombaye apate kumpa, na ni nani atakaye msamaha apate kumsamehe. Hapa kwetu Magharibi huwa kiasi cha saa kumi na mbili u nusu, na Alfajiri kiasi cha saa kumi na moja. Kwa hiyo theluthi hiyo huanza kiasi cha saa saba u nusu, na saa tisa i ndani yake. Aitaye hapo ni Yeye, na waitwao ndio waliolala.

Na aibu hii tuianze kwetu sisi tuandikao. Mara ngapi tumekuwa macho saa nane, arusini au na simu mkononi, kisha jamaa ya Alfajiri ikatupita? Twamlaumu kijana kwa wimbo wenye jina la saa tisa, nasi saa tisa yenyewe hatuijui ila kwa jina.

Mtume wetu (S.A.W.) hakulifanya jambo hili zito: achelеaye kutoamka aswali Witri kabla ya kulala, na atumainiye kuamka aiwekе mwisho wa usiku. Na aliyekoseshwa usingizi na deni, au mgonjwa, au mtoto aliyepotea njia, huyo amekwisha kuamshwa. Yamebaki maji ya udhu.

Kijana yule alituuliza tena: na ikiwa Kiarabu changu ni kidogo? Tulimwambia akisha kutoa salamu ainue mikono, aseme kwa Kiswahili chake, polepole, kama amwambiavyo mamake.